Pumzi za Mama Mkwe

Jina la Kifyonza tulimpa sisi. Miaka ishirini anaendesha kombaini, na dizeli anaihamisha kwa mpira na mdomo: anafyonza, anatema, anatukana, inatiririka. Mwaka juzi akaimeza. Alikohoa mwezi mzima, mkewe akamwapisha: akitia tena mpira mdomoni, yeye anarudi kwa mama yake.

Sasa siku hiyo alikuwa anavuna mpunga wa huyo huyo mama. Kimebaki kipande cha mwisho, wingu limetanda jeusi kama sufuria, na kombaini inanguruma imesimama, haizimwi. Stata ilishakufa. Ikizima, mpaka kesho lije trekta la kuivuta, na kesho mpunga utakuwa umelala majini.

Kifyonza akachovya kijiti kwenye tangi. Kikatoka kimelowa kidole kimoja tu.

Pipa la dizeli lilikuwa juu ya tela, ubavuni mwa kombaini, limejaa. Akazungusha pampu ya mkono mara mbili, mpini ukabaki mkononi.

"Lipindueni pipa," nikashauri.

"Tukuogeshe wewe?"

Injini ikakohoa. Kifyonza akauangalia mpira. Mkewe akaacha kukung'uta magunia.

"Thubutu!"

"Mpunga ni wa mama yako."

"Na mapafu ni ya nani?"

Kifyonza akaukata mpira vipande viwili. Kipande kirefu akakizamisha mpaka chini ya pipa, ncha ya pili akaitia kwenye tangi. Kifupi akakiishiliza juu ya dizeli, kisiiguse. Mdomo wa pipa akauziba kwa matambara na mpira wa baiskeli, akakaza kwa magoti.

"Sifyonzi. Napuliza. Hewa ikijaa humu, dizeli itatafuta pa kutokea."

Akapuliza. Dizeli ikapanda shibiri mbili ndani ya mpira mrefu, kikohozi kikamkaba, ikarudi. Akajaribu tena, ikarudi tena. Injini ikaanza kushusha sauti kama mtu anayesinzia.

Mama mkwe akatoka kwenye magunia, akapanda kwenye tela, amekaza kilemba.

"Sogea, baba. Mimi napuliza kuni mbichi tangu hujazaliwa."

"Mama, hii ni dizeli..."

"Nimekuuliza jina lake?"

Akapuliza. Mashavu yakamvimba, macho yakatoka, hakuachia. Dizeli ikapanda, ikafika ukingoni mwa pipa, ikasita. Hata mimi nilikuwa napuliza, bila mpira. Injini ikafifia, ikashtuka, ikafifia tena. Dizeli ikavuka ukingo.

"Achia, mama! Sasa inashuka yenyewe!"

Injini ikagugumia, ikagugumia, halafu ikanguruma mpaka tela likatikisika. Hakuna aliyeshangilia, tulikuwa hatuna pumzi. Mama mkwe akafuta midomo.

"Kapande basi! Mnanitazama mimi, wingu nani analitazama?"

Mistari mitatu ya mwisho ilivunwa kwenye matone. Magunia manne yalilowa juu juu, yakaanikwa.

Stata imeshanunuliwa. Pampu bado. Kifyonza anasema ya nini, mlango wa kugonga anaujua. Ila siku hizi shikamoo yake kwa mama mkwe ni ndefu kuliko ule mpira.