Galoni la Manang Puring

Santing Dumlao alikuwa na adui mmoja tu duniani: maji matupu ndani ya rejeta. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa rejeta pale Rosario, barabara ya kupanda Baguio inapoanzia, na kila jipni, basi dogo la abiria, iliyochemka mlimani ikaburuzwa hadi kwake, dereva wake alipewa hotuba kabla ya kupewa kiti. Maji yanaleta kutu. Tia kulanti, dawa ya kupoza injini, bwana, acha ubahili. Madereva waliitikia kwa adabu zote, kisha wakaenda zao kujaza maji ya bomba. Wangemsikiliza angekufa njaa, ila hilo hakuna aliyemwambia.

Aliyemshinda kabisa ni Manang Puring, yaani dada Puring kwa heshima ya huko, mjane aliyerithi jipni ya mumewe. Kila Pasaka mama huyu alibeba galoni la maji kanisani likabarikiwe, na wakati wenzake wakinyunyizia nyumba na watoto, yeye aliyamimina maji yale kwenye rejeta. Marehemu alipanda mlima ule miaka ishirini na miwili bila kupata ajali, akafia kitandani mwake. Kwa Manang Puring, ushahidi ulikuwa umekamilika.

Santing angeendelea kumcheka kimoyomoyo, lakini Jovelyn, binti yake wa pekee, akapata mchumba Baguio. Ndoa ilipangwa Jumamosi, saa nne kamili, na padri alishaonya kwamba ana ndoa nyingine saa tano na hamngoji mtu. Manang Puring, msimamizi wa bibi harusi, akajitolea jipni yake bure.

"Ila uioshe rejeta, Santing, halafu ujaze haya," akasema, akitua galoni la Pasaka miguuni pake.

"Manang, injini haisali."

"Basi kodi basi."

Santing akanywea. Akafungua koki ya chini, na yaliyotoka yalikuwa mekundu mazito kama uji wa kakao. Alipotaka kuyasukumia mtaroni, Manang Puring akapiga ukelele.

"We! Yamebarikiwa hayo! Yanarudi ardhini, hayachanganywi na mikojo ya mbwa."

Kwa hiyo fundi mkuu wa Rosario akabeba kutu kwa beseni, safari sita, akamwagilia vyungu vya asumini vya Manang Puring. Maua yale yalikuwa yamestawi sana, jambo lililomuudhi zaidi.

Mama huyo alipokwenda kupika, Santing akafanya alivyotaka. Akapitisha maji ya mpira hadi yakatoka meupe, akafunga koki, akajaza kulanti ya kijani, ya bei, aliyoinunua kwa ajili ya mwanawe. Galoni la Pasaka akalisukumia chini ya kiti cha dereva. Akawasha injini, kifuniko kikiwa wazi, ili hewa itoke yote kabla ya kufunga. Hilo ndilo somo la kwanza analompa kila mwanafunzi. Mapovu yalikuwa bado yanapanda pale Manang Puring alipotokea na sahani ya keki za wali.

"Tayari?"

"Tayari!" Santing akakibana kifuniko haraka asije akaona kijani. Hewa ikabaki ndani. Akala keki tatu.

Jumamosi aliendesha mwenyewe, Manang Puring pembeni yake na rozari mkononi, bibi harusi na jamaa nyuma. Nusu ya mlima, saa tatu na robo, mshale wa joto ukaruka hadi mwisho. Mvuke ukafunika kioo. Akasimama kwenye kona, akangoja, akazungushia kifuniko kitambaa na kukilegeza kidogo kidogo. Kulanti ya bei ilikuwa imetapikwa barabarani. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine korongo, na ukungu ukishuka.

"Baba," Jovelyn akaita akiwa ameshika gauni, machozi tayari yanamlenga. "Si ulisema umeiosha mwenyewe?"

Santing alitamani korongo limmeze. Miaka thelathini na moja ya hotuba, na sasa mwanawe angekosa ndoa kwa sababu baba yake aliona haya kuacha kifuniko wazi mbele ya ajuza.

Manang Puring hakugeuka, alikuwa amefika fumbo la tatu la rozari. "Angalia chini ya kiti chako," akasema.

Akalitoa galoni. Akawasha injini, akayamimina maji yale taratibu, mapovu yakapanda, akangoja safari hii hadi la mwisho lilipopasuka. Mshale ukashuka.

"Ulijua?" akamuuliza alipopanda.

"Vidole vyako vilikuwa vya kijani wakati unakula keki zangu."

"Mbona ukanyamaza?"

"Ningekusema, ungelitupa galoni kwa hasira. Sasa hivi tungejaza nini, hotuba? Endesha, padri hangoji."

Walifika saa nne kasoro dakika tano. Santing alilia kanisani kuliko mama wa bwana harusi, na watu wakadhani anamlilia bibi harusi tu.

Jumatatu akaifungua koki ile tena ili aoshe upya, na ndipo alipokwama. Yaliyotoka yalikuwa nusu kulanti, nusu Pasaka. Mtaroni hayaendi, yamebarikiwa. Kwenye asumini hayaendi, ni sumu, maua yangekauka na angeulizwa. Akasimama na beseni mkononi hadi mikono ikamuuma, kisha akayarudisha kwenye galoni lilelile.

Lipo hadi leo juu ya rafu yake, mwaka wa saba, la kijani kibichi. Madereva wakiuliza ni dawa gani hiyo ya rejeta, Santing hukatisha hotuba na kuwaletea kiti.