Ubao wa Penina

Wiki ya tatu baada ya kustaafu, Penina alikuwa bado anaamka saa kumi alfajiri na kupapasa mezani akitafuta funguo za gari ambalo si lake tena. Akishakumbuka anajilaza, lakini usingizi nao una maringo, ukishafukuzwa haurudi. Miaka ishirini na nane ya kuendesha gari la wachimba visima ilikuwa imehamia mwilini mwake: kiunoni, magotini, na kwenye bega la kushoto lililobadilisha gia tangu ujana. Alichokitaka sasa ni kimoja tu, kulala.

Basi mfikirie Jumamosi ile, mwanawe Evelina alipoingia uani pale Ihumwa na mumewe Tumsifu, ndani ya gari kubwa la mtumba linalovuta magurudumu yote manne, akasema leo wanakwenda kulala porini kule Haneti, na mama naye twende.

"Mna nyumba nzuri Area D, ina vitasa na feni," Penina akasema, "halafu mnakwenda kulala porini?"

"Ni mapumziko, mama."

"Mimi nililipwa kulala huko na bado sikupenda. Tena tangu lini mkwe na mama mkwe wakalala hema moja?"

"Yapo mawili, mama," Tumsifu akajibu kwa adabu. "Letu linafungwa juu ya gari. Lako liko chini."

"Ili unikoromee utosini!"

Tumsifu akaviangalia viatu vyake. Evelina hakucheka.

"Umewapeleka porini wahandisi, wafadhili, mpaka wapishi wao," akasema. "Mimi nilikuwa naamka nakuta kitanda chako kimeshatandikwa. Nikimuuliza bibi, ananiambia mama yuko porini. Hujanipeleka hata siku moja."

Yalimchoma Penina. Angeweza kusema kwamba baba yake Evelina alifariki mtoto ana miaka mitatu, na kwamba visima hivyo hivyo ndivyo vilivyomsomesha. Lakini hayo alishayasema mno, na siku hiyo hata ugomvi ulikuwa kazi. Akaona njia nyepesi. Wageni wa pori huwa hawakosi kasoro, na kasoro ikionekana, safari itajifia yenyewe bila yeye kuonekana mbaya.

"Shusheni vitu," akasema, akatandika turubai.

Vikashuka. Viti vya kukunja vyenye mahali pa kuwekea kikombe, taa za rangi, spika, mashine ya kahawa, majiko mawili ya gesi, na katoni mbili za maji ya chupa ndogo.

"Harusi ya nani?" Penina akauliza.

Madereva wa visima wana sheria yao: kifaa ambacho hujakitumia uani kwako, hesabu hukukibeba. Akamwambia Tumsifu asogeze gari hadi kwenye shamba lake la uwele nyuma ya ua, lililolimwa juzi, atoe gurudumu moja la nyuma. Kijana huyu wa ofisini alikuwa amejifunza kila kitu kwenye simu. Akalegeza nati kwanza kama alivyoona huko, tatu zikakubali. Ya nne ikagoma, maana ilikuwa ya kufuli, yenye ufunguo wake maalumu, na ufunguo huo ulibaki kwa mwenye gari wa kwanza, ng'ambo huko.

"Ungeujua ukweli huu Haneti," Penina akasema, "Jumatatu ofisini wangekuita mtoro."

Akataka jeki nayo ijaribiwe. Tumsifu akapiga jeki, na badala ya gari kupanda, jeki ikashuka udongoni. Penina akaingia ndani akijikongoja, akatoka na kipande cha ubao wa mninga, kinene, cheusi kwa oili. Kikawekwa chini ya jeki, na gari likanyanyuka.

"Huu nimetembea nao miaka ishirini na miwili. Jeki bila ubao ni mzigo tu."

Tumsifu, jasho likimtiririka, hakukasirika. Aliomba aandikiwe orodha, Penina akakataa, akamhesabisha vidoleni kama mtoto wa chekechea. Chepe. Kamba ya kuvutia gari. Pampu, kwa sababu kwenye korongo la mchanga utapunguza upepo wa matairi, na ng'ambo ya pili lazima uurudishe. Madumu mawili ya maji, lita ishirini kila moja, na si ya kuoshea vikombe vya kahawa. Sanduku la dawa.

"Na mtu anayebaki nyumbani akijua mmepita njia gani na mtarudi lini. Huyo ndiye wa kwanza kabisa. Huyo ni mimi, nabaki."

"Tutamwachia maagizo Jenifa jirani," Evelina akasema.

Safari ikasogezwa wiki moja. Jumamosi iliyofuata wakarudi. Fundi alikuwa ameing'oa ile nati, madumu yamejaa, mashine ya kahawa haionekani. Bila kuambiwa, Tumsifu alitoa gurudumu na kulirudisha kabla uji wa Penina haujapoa. Sababu zikawa zimemwishia mama wa watu, ikabaki uchovu tu, na uchovu hakuona namna ya kuutaja mbele ya macho yale ya Evelina.

Akachukua ubao wake na kanga moja. Miguu kwa mazoea ikampeleka mlango wa kulia, akamkuta Evelina ameshika usukani.

"Upande ule, mama."

Akazunguka, akaketi kushoto, mikono haijui pa kukaa. Alijiapiza kuitazama barabara mpaka mwisho. Akasema punguza mwendo mara mbili. Ya tatu hakuikumbuka.

Alipofumbua macho gari lilikuwa limesimama na mlango wa upande wake uko wazi. Kanga ilikuwa imemfunika hadi kifuani. Hema la chini lilishasimamishwa, na kule nyuma ya vichaka Tumsifu alisikika akivunja kuni. Evelina alikuwa ameketi chini karibu na mlango, juu ya ule ubao, mkono shavuni.

"Tumefika lini?"

"Kama saa mbili zimepita."

"Na korongo? Mlipunguza upepo?"

"Tulipunguza, tukajaza tena."

"Sasa mbona hukuniamsha? Si ulitaka tuje tukae wote, tuongee?"

"Nilikuwa nakuangalia," Evelina akasema. "Tangu nizaliwe sijawahi kukuona umelala, mama."

 Penina akaivuta kanga mpaka kidevuni, akafumba macho tena, ili mwanawe aendelee kumwangalia.