Klampu Zangu, Dawa ya Mganga na Bibi Anayeitwa Mchawi

Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje maana watu wataunganisha tu. Mimi ni mwanaume wa miaka 32, nakaa Somanda hapa Bariadi, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni fundi wa kuunganisha mashine za kutolea hela kwa mawakala wa benki, zile zinazotumia laini na antena ya juu ya bati iliyoelekezwa kwenye mnara. Nawaandikia nikiwa nimejichukia. Yaani nikijitazama kwenye kioo natamani kujitemea mate.

Kijiji chenyewe kiko nje kidogo ya Lagangabilili. Zamani hela ya pamba wazee walihesabiwa mkononi kwenye godauni la ushirika. Siku hizi wanunuzi ni makampuni binafsi, hela inaingia benki, na benki ya karibu ni mashine ya wakala. Wakala huyo tumwite Masunga. Mnara uko mbali, antena ikihama kidogo tu, mtandao kwisha. Ndiyo maana ofisini nilipewa klampu mbili za chuma za kuibana kwenye nguzo. Jamani, zile klampu nilizifunga kwenye dishi la tivii nyumbani kwangu. Antena ya watu nikaifunga kwa waya wa kufungia nondo, nikaukaza kwa koleo, nikasema itashika.

Asubuhi ilishika. Mchana upepo ukianza, antena inayumba na mashine inakata. Sasa kuna bibi mmoja mjane, anachunga mbuzi wake mwenyewe, kwa hiyo asubuhi hana nafasi. Akifika kwa Masunga ni saa nane mchana. Mara ya kwanza kaingia, mtandao ukakata. Mara ya pili ukakata. Mara ya tatu watu wakaanza kutazamana. Hakuna aliyesema kwamba saa nane hiyo hata angeingia padri ungekata vilevile. Na bibi mwenyewe ana macho mekundu kwa moshi wa kuni, na huku kwetu mnajua macho mekundu ya mwanamke mzee yanavyosomwa.

Masunga akanipigia simu. "Fundi, njoo, kuna mtu anatuchezea mtandao." Nikapanda juu ya bati, nikakuta waya wangu umelegea, antena inatazama kwingine kabisa. Niliposhuka akaniuliza mbele ya wateja, "Ni yule bibi, si ndiyo?" Ningesema ni mimi, yangeishia pale pale. Nikacheka! Eti nikasema, "Haya mambo ya kwenu mnayajua wenyewe."

Wakaenda kwa mganga. Masunga akanipa dawa iliyoviringishwa kwenye kitambaa cheusi, niifunge juu kwenye nguzo, kwa sababu anayepanda bati ni mimi. Kesho yake nikafungua klampu kwenye dishi langu, nikaenda nazo mfukoni. Nikapanda, nikaibana antena sawasawa, kisha chini yake nikafunga kile kitambaa. Kilikuwa kinanuka mafuta yaliyochacha, na mpaka leo harufu yake naisikia vidoleni. Tangu siku hiyo mtandao haujakata tena. Mmeona nilichofanya? Dawa imefanya kazi, kwa hiyo bibi ni mchawi kweli. Ushahidi nimeufunga mimi kwa mikono yangu.

Sasa ametengwa. Haazimwi moto, hasalimiwi kisimani, mbuzi wake wakichanganyika na wa wenzake wanapigwa mawe. Masunga, anayekaa benchi la mbele kanisani kila Jumapili, ananisimulia huku anatafuna karanga na kucheka, "Tumemweza, fundi!" Lakini mimi ni nani hata nimwonee kinyaa? Jumamosi hii kuna mkutano wa kumfukuza kijijini, na wapo vijana wanaosema mkutano wa nini, kazi hiyo ni ya panga.

Nilimweleza mke wangu nikidhani atanipa nguvu. Akasema, "Baba Kulwa, nyamaza. Ofisini wakijua zile klampu ulizileta hapa, kazi huna. Watoto watakula nini?" Kisha akaniuliza dishi litarudi lini.

Juzi nilikwenda kuikagua mashine. Bibi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na fimbo yake ya kuchungia, hasogei. Nikamsalimia, "Mwadila, bibi." Alishtuka kusikia mtu kamsalimia. Akaitikia, akapiga hatua mbili kunifuata, halafu akasimama mwenyewe.

"Mjukuu wangu," akasema, "wewe ndiye unayeijua ile mashine. Mimi sijui nimeifanya nini, lakini watu wote hawa hawawezi kuwa waongo. Basi nipimie. Nikae mbali kiasi gani ndiyo haitaumia?"

Ndugu zangu, hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu. Badala yake nilinyoosha kidole, nikamwonyesha nguzo ya umeme iliyokuwa nyuma yake. "Pale panatosha, bibi."

Akanishukuru. Akaenda akasimama pale kwenye nguzo, juani, na nilipowasha pikipiki kuondoka alikuwa bado amesimama.

Jumamosi ni keshokutwa. Nikisema ukweli, kazi imekwenda, na huenda panga likanigeukia mimi na Masunga wangu. Nikinyamaza, yule bibi nimemmaliza mimi. Msinionee huruma, matusi nayastahili, tukaneni tu. Ila mkishamaliza kunitukana mniambie: naanzaje kusema, na nimwambie nani kwanza?