Bidoni Mgongoni

Desturi ya bidoni ilianzishwa na Delphin mwenyewe, wala asimsingizie mtu mwingine. Alikuwa na chumba cha gemu Kamembe, mji wa mpakani ng'ambo ya Bukavu, nyuma kidogo ya stendi ya mabasi: televisheni nne, viti vya plastiki, na pazia zito mlangoni la kuzuia jua lisipige kwenye vioo. Waliokuja kucheza walikuwa vijana wa pikipiki wanaosubiri abiria, wabadilisha fedha, wanafunzi waliotoroka shule na wale walioapa kwamba hawakutoroka. Karibu wote walicheza mpira. Siku moja, miaka miwili iliyopita, ilipochosha kumcheka aliyeshindwa kwa maneno matupu, Delphin alichukua kikwembe, kipande cha kitenge kilichokuwa cha kufutia vumbi, akachukua bidoni, dumu tupu la lita tano, akamfungia mgongoni jamaa aliyekuwa amekula mabao matano bila jibu, vile vile mama anavyombeba mtoto.

"Haya, Maman," akamwambia, "tubembelezee mutoto."

Watu walicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo ikawa sheria. Aliyefungwa matano alibeba bidoni mpaka apatikane mwingine wa kumpokea, au chumba kifungwe jioni, na muda wote huo hakuwa na jina jingine ila Maman. Akitaka kutoka nje kununua maji, alitoka nalo hivyo hivyo. Kuna watu wazima, wenye wake na watoto, waliocheza huku jasho linawatoka kama wanachimba mtaro, si kwa kupenda ushindi bali kwa kuogopa bidoni. Habari zake zilifika mpaka Bugarama. Jamaa wa mashine za mpunga za huko wakija Kamembe walipitia kuliona. Delphin alivimba kichwa.

Wanawake hawakuja, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Alikuja mmoja tu, Béatrice, mwanafunzi, pamoja na kaka yake. Kaka alisema dada anacheza vizuri kuliko yeye. Wakampa kiti, lakini manete, rimoti ya kuchezea, hawakumpa. Mmoja akapekua orodha ya timu hadi kwenye timu za wanawake, ambazo pale hazikuguswa isipokuwa kwa kumtukana mtu, akamwambia, hizi hapa zako. Mwingine akamwekea mchezo wa ngumi, ule ambao wanaume wamevaa vyuma mpaka shingoni na wanawake wamevaa kamba. Béatrice alikaa dakika kumi, akaondoka, hakurudi tena. Delphin aliyaona yote. Alijitia kuhangaika na waya nyuma ya televisheni, maana mteja ni mteja, na hao waliokuwa wakicheka walikuja kila siku.

Kisha akapata mtoto wa kike.

Walimwita Gracia. Mama yake, Honorine, ni mzaliwa wa Bukavu, na huko Bukavu alikuwa na meza yake sokoni. Kila asubuhi alivuka mpaka na karoti na kabichi za upande huu, alasiri akarudi. Meza hiyo aliipigania miaka sita, kabla hata hajamjua Delphin. Alianza kwa kuuza chini, juu ya gunia, akifukuzwa huku na kule. Mimba ilipokuwa nzito aliishikiza kwa rafiki yake, Maman Ciza, na tangu hapo akawa mtu wa kuwaza kurudi. Gracia alipofikisha miezi mitano, mama yake Honorine alisema kwa simu kwamba mtoto bado mdogo, asiachwe. Delphin ndiye aliyejibu, tena kwa majivuno kidogo:

"Maman, mutoto atabakia na mi. Iko wangu pia."

Na kweli aliweza. Tusimnyime haki yake. Alijua kuinama na kumpandisha Gracia mgongoni, kumfunika, kukaza kikwembe kifuani kisilegee. Alijifunza kwa kumwangalia mkewe. Gracia hakupenda kulala kokote ila mgongoni. Delphin alifua, alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, akimwimbia nyimbo za kwaya, na mtoto huko nyuma amelala fofofo. Asubuhi alifunga nyumba akatoka naye hivyo hivyo. Lakini kabla ya stendi, kwenye kona ya fundi magodoro, alisimama, akamfungua mtoto, akakunja kikwembe na kukitia kwenye mfuko, kisha akamshika Gracia mikononi. Mbele ya kona hiyo walikuwa wateja wake. Mwanamume aliyemshika mtoto mikononi ni baba. Mwanamume aliyefunga kitu mgongoni kwa kikwembe, pale chumbani kwake, jina lake lilikuwa linajulikana.

Basi chumbani Gracia alilazwa kwenye benchi la ukutani, juu ya koti, na koti jingine likakunjwa kandoni kama ukingo. Alilia sana siku za kwanza. Delphin alimtikisa kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akipokea wateja. Mara mbili tatu alikitazama kile kikwembe kwenye mfuko. Kisha alitazama viti vilivyojaa wanaume, akaona heri mtoto alie.

Siku ya Jumanne ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, Gracia alichoka kulia akalala. Valens, kijana wa pikipiki asiyekosa siku hata moja, alikuwa hana mpinzani. Akamwita mwenye chumba.

"Papa Gracia, kuya. Ama unaogopa?"

Delphin akakaa. Hakuwa amecheza kwa miezi, na vidole vilikuwa vizito. Valens akafunga la kwanza, la pili, la tatu. Watu wakaacha michezo yao wakaja kusimama nyuma. Kipindi cha pili likaingia la nne, na mtu mmoja akaenda kuliteremsha bidoni kwenye msumari wake akalipangusa vumbi, taratibu, ili mwenyewe aone.

"Papa Gracia," akasema Valens, "inabakia moja tu."

Hapo ndipo Delphin alipomsikia mtoto. Hakulia. Aliamka na kuanza kujisemea, ile sauti yake ya furaha ya kutafuta watu, na Delphin akasikia na mapigo madogo ya miguu kwenye mbao za benchi. Alimsikia vizuri kabisa. Alitazama saa ya mchezo pembeni ya kioo: ilikuwa imebaki dakika moja. Akasema moyoni, dakika moja, mwanangu, halafu baba anakuja.

Kilichofuata ni kishindo, halafu kimya, halafu kilio ambacho Delphin hakuwahi kukisikia kutoka kwa mtoto huyo.

Valens ndiye aliyewapeleka kituo cha afya kwa pikipiki yake. Muuguzi alimpapasa mtoto polepole, akawapeleka kupiga picha, akarudi akasema mfupa wa mtulinga umevunjika upande wa kushoto. Utaunga, alisema, watoto huunga haraka. Aliufunga mkono wa Gracia kifuani kwa bendeji, kisha akachukua kalamu akauliza mtoto alianguka kutoka wapi. Delphin alifungua mdomo kusema benchi. Kutoka benchi kungekuja swali la benchi la wapi, na kutoka hapo kungekuja ulikuwa unafanya nini. Akasema alianguka kitandani nyumbani. Valens aliyekuwa amesimama mlangoni aliinamisha macho.

Uwongo huo ulipata miguu. Alasiri Honorine aliporudi na kumkuta mtoto amefungwa bendeji, Delphin alimpa maneno yale yale, sasa yakiwa na nyama zaidi.

"Nilitoka kuchota mayi. Kurudi, namukuta chini ya kitanda."

Alikuwa amejiandaa kugombezwa. Angependa kugombezwa. Honorine hakumgombeza. Alikaa chini na mzigo wake bado begani, akamchukua Gracia, akamnusa kichwani.

"Njo mi mwenye kosa," akasema. "Mutoto wa miezi tano, na mi niko Bukavu napimia bantu karoti."

"Hapana, Maman Gracia. Usiseme vile."

"Mama alinikataza. Sikusikia."

Delphin angeweza kusema pale pale. Alijiambia kwamba kesho Honorine atakuwa ametulia, na kesho yake akajiambia ngoja uvimbe ushuke kwanza. Jumatano Honorine hakwenda mpakani. Alhamisi mama yake alipiga simu, na sauti ikasikika mpaka uani: nilikuambia, mwanangu, mwanaume si mtu wa kuachiwa mtoto, mwanaume ni mwanaume tu. Honorine alijibu, ndiyo, Maman. Delphin alikuwa akiosha sahani. Alijua kwamba hapo ametukanwa, na alijua vilevile kwamba yeye ndiye aliyempa mama mkwe lile tusi, kwa kuwa miaka miwili mizima alikuwa akilifundisha chumbani kwake kwa vicheko.

Ijumaa alikaa chumbani peke yake kabla ya kufungua. Aliwasha televisheni moja, akapitia michezo yake yote, mmoja baada ya mwingine, akimtafuta mtu ambaye Gracia angeweza kuwa. Katika mbio za magari alikuta msichana wa kupunga bendera. Kwenye ngumi walikuwapo wale wenye kamba. Kwenye ule wa vita alikuta mama anayekufa mwanzoni kabisa, ili mwanawe apate sababu ya kukasirika. Alikuwa ameicheza yote hiyo tangu ujana wake kule Uvira, na hakuwahi kuona. Aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini haya siyo kukiri, na jioni alirudi nyumbani akala akanyamaza.

Jumamosi asubuhi Honorine alikuwa anakunja magunia yake, yale ya kubebea kabichi, akiyapanga moja juu ya jingine.

"Maman Ciza atakuya saa ine," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kukamata meza. Ataichukua yote, si kunishikia tena. Mi nabakia na mutoto."

Aliyasema bila kulia, kama mtu anayetaja bei. Delphin alimtazama akikaza kamba kwenye magunia, miaka sita ikifungwa kwa kamba moja ya katani. Saa ilikuwa tatu na robo.

"Hakuanguka ku kitanda," akasema.

Honorine aliacha kamba.

Delphin akasema yote. Alisema benchi, na Valens, na mabao manne. Alisema bidoni na jina wanalompa mtu. Alisema kona ya fundi magodoro, jinsi anavyomfungua mtoto kila asubuhi na kukificha kikwembe. Alisema kwamba alimsikia Gracia ameamka, na kwamba ilibaki dakika moja, na kwamba aliichagua ile dakika. Hakujitetea. Alipomaliza alibaki amesimama na mikono yake hana pa kuiweka.

Honorine aliisogeza kamba kando. Gracia alikuwa mgongoni kwake, amelala, mkono wake ukiwa kifuani ndani ya bendeji.

"Kuanguka, batoto banaangukaka," akasema. "Hata na mi angeweza kuanguka. Siulizi juu ya ile."

"Unauliza nini?"

"Kila asubuhi, nikimufunga huyu mu mugongo mbele yako, ulikuwa unaona nini? Muntu wa bidoni, mwenye bamefunga tano?"

Delphin alitaka kusema hapana. Alilitafuta neno hilo, likawepo, lakini hakuthubutu kulitoa, kwa sababu mkewe alikuwa akimtazama machoni na angejua.

Maman Ciza alipofika, Honorine alimpa chai na kumwomba radhi kwa safari ya bure. Meza inabaki yake, alisema, Jumatatu atavuka. Wakacheka kidogo, wakazungumzia bei ya kabichi. Delphin alikuwa uani. Alifurahi, ndiyo, lakini furaha hiyo haikumhusu.

Jumatatu alfajiri alijitayarisha. Alikuwa amekwisha lichukua bidoni chumbani na kulitupa, na wateja wawili walikuwa wamenuna wakahamia kwingine. Alikikunjua kikwembe, akainama tayari kumpokea mtoto. Honorine alimpita. Alivuka uzio na mtoto hadi kwa jirani, Nyiramahoro, mama mtu mzima aliyelea wajukuu saba, akamkabidhi Gracia pamoja na nepi na uji. Aliporudi kuchukua mizigo alimkuta Delphin bado amekishika kile kikwembe.

"Si azabu, Papa Gracia," akamwambia. "Ni vile tu siko nakuamini."

Akajitwika, akaenda.

Saa mbili Delphin naye alitoka kwenda kufungua chumba, na njia ilimpitisha mbele ya uzio wa Nyiramahoro. Mama huyo alikuwa anafagia, Gracia mgongoni kwake. Delphin alitaka kupita haraka. Mtoto alimwona. Alicheka kwa fizi zote, akatoa mkono wake mzima kwenye kikwembe na kumnyooshea baba yake, akimsemesha kwa ile ile sauti yake ya kutafuta watu.