Harufu ya Kitanda Kipya

Fundi ameleta kitanda cha mwanangu, na chumba kizima kinanuka msonobari mbichi.

"Mama, kinanukia vizuri!" anasema. Mimi nafungua madirisha.

Kule Mafinga, baba alirudi kila jioni kutoka kiwanda cha mbao akiwa na harufu hiyohiyo, mimi na mbwa wetu tukikimbia kumpokea. Gogo lilipomuua, niliambiwa amesafiri. Kwetu mtoto haambiwi msiba. Wenzake wakamtengenezea jeneza kwa mbao za palepale kiwandani. Walipolishusha uani, mbwa akaja mbio akitikisa mkia, nami nyuma yake nikiita, "Baba! Baba!"

Mjomba akaokota jiwe amfukuze mbwa.

"Waache," bibi akasema. "Hakuna aliyewaambia."