Mkono Wangu na Ndege za Kaka

Pikipiki iliyonibeba iliteleza Kiminini, nikavunjika mkono wa kulia. Mfupa uliunga vizuri, lakini plasta ilipotolewa vidole vilikataa kukunjika. Mimi ni msusi. Nilifunga kibanda changu Kitale nikawaambia wateja narudi karibuni, ingawa mwenyewe sikuamini.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mtumishi wa serikali Bungoma, alikuja kunichukua. "Peke yako utajipikia na mkono gani?" aliuliza, akabeba mfuko wangu.

Hospitali walinipa mpira mdogo wa kuminya. Niliuchukia. Kila nikiuminya niliona vidole vimesimama tu, nikauficha chini ya mto nikalia.

Kaka ana ugonjwa wake. Jumamosi mchana huketi mbele ya kompyuta akirusha ndege za kivita za mchezo, zile za zamani zenye propela puani. Ana mpini wa kuendeshea, umewekwa mezani, na kitufe cha risasi kiko pale kidole cha shahada kinapokaa. Kushoto kuna mpini mdogo wa mafuta, na chini ya meza pedali. Mkewe alikuwa amezoea. "Huyu hata nyumba ikiungua atasema, ngoja nitue kwanza," aliniambia.

Siku moja kaka alisimama akanipa kiti. "Keti, bana. Si ni afadhali kuliko kuangalia ukuta?"

Mara ya kwanza ndege haikuondoka hata chini. Ilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, ikaingia majanini, ikalala ubavu. Wifi yangu alicheka, nami nikacheka, na sikuwa nimecheka tangu Kiminini. Baadaye nilijifunza kuipa mwendo polepole na kuishikilia na pedali za miguu mpaka mkia uinuke. Kisha nikajifunza kwamba ukivuta mpini kwa pupa, ndege hukosa hewa ya kuibeba, inaanguka kama jiwe.

"Polepole! Ati unavuta ng'ombe?" kaka alikuwa akipiga kelele.

Kulenga kulinishinda zaidi. Nilimwaga risasi zote nyuma ya adui.

"Usimpige alipo," kaka alisema. "Piga mahali anaenda. Na umkaribie mpaka umwogope."

Mpini niliushika kwa kiganja cha kulia, lakini kidole hakikuweza kuvuta kitufe. Risasi nilizifyatua kwa mkono wa kushoto, kwenye kibodi. Kaka aliliona hilo.

Halafu alileta kompyuta ya kazini tupigane sisi wawili. Alinitungua kila mara. Jumamosi moja alikata kona mbele yangu, nikamfuata, mkono wa kushoto ukiwa kwenye mpini wa mafuta, nikipunguza mwendo nisimpite. Bawa lake lilijaa kioo chote. Nikalenga mbele ya pua yake. Risasi zikatoka, bawa likakatika, akaanguka akivuta moshi.

"Umenipiga na nini?" kaka aliuliza.

Nilidhani ananitania. Kisha nikatazama. Mkono wa kushoto ulikuwa bado kwenye mafuta. Kidole cha shahada cha kulia kilikuwa kimekunjika juu ya kitufe, na hakikuwa kimeachilia.

"Kunja tena," alisema kwa sauti ndogo. Nikakunja. Kiliuma, lakini kikakunjika. Wifi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwona mumewe akilia, akadhani kumetokea msiba. Nilimwonyesha kidole. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Baada ya hapo mpira ule niliuminya bila kuambiwa, na vidole vingine vikafuata, kimoja kimoja, cha mwisho kikiwa kile kidogo. Asubuhi za baridi bado vinakaza. Navipasha kwenye kikombe cha chai.

Mteja wangu wa kwanza niliporudi Kitale alikuwa mama anayefanya biashara Suam. Nilimsuka taratibu, nikihofia mistari italegea. Nilipofika kisogoni alishika kichwa.

"Woi! Mbona unavuta hivyo? Umekaza sana, dada, inauma!"

Nilimwomba msamaha, nikalegeza kidogo. Ilibidi nigeuke nipanguse macho kabla ya kuendelea.