Kompyuta Tuliyogawana Baada ya Arobaini

Sisi tuliokulia Kilosa miaka ile mashamba ya mkonge yalipoanza kuuzwa kwa matajiri binafsi, tulicheza rede na kombolela mpaka magoti yakapauka. Lakini mimi na kaka yangu Shabani tulikuwa na kitu kilichoonewa wivu na mtaa mzima: kompyuta. Baba, karani wa shamba, alipewa kompyuta hiyo ofisi yao ilipofungwa. Alikuwa na wake wawili. Shabani alizaliwa na mke mkubwa, mimi na mke mdogo, tukapishana miezi mitatu tu.

Kompyuta ile ilikuwa na mchezo wa mbio za magari, ila memori yake ilikuwa kijipande kimoja tu, hakitoshi. Ukifika kwenye kona gari linaganda, taa ya diski inawaka bila kupumzika, picha ikirudi umeshabamiza ukuta. Baba akamleta fundi kutoka Morogoro, akachomeka kijipande cha pili, sawasawa na kile cha kwanza. Jamani! Gari lilikata kona utadhani limepakwa mafuta. Tuliendesha wawili, Shabani kulia na kushoto, mimi mafuta na breki, vidole vinanuka mihogo ya kukaanga, mama mkubwa akifoka, “Mtapofuka nyie!”

Kisha baba akafariki. Arobaini ilipopita, baba mdogo akakaa kugawa mali kwa nyumba mbili. Kompyuta ikaenda nyumba kubwa, mama yangu akanuna. Baba mdogo aliposikia kuwa ndani mna vijipande viwili vinavyofanana, akafurahi. Kila nyumba ipate kimoja, basi, ugomvi uishe.

“Baba mdogo, ukichomoa kimoja hatutacheza tena,” Shabani alisema.

“Udongo wa kaburi la baba yenu haujakauka, nyie mnawaza kucheza?” Akanigeukia mimi. “Haya, wewe. Unataka chenu au hutaki?”

Mama alikuwa ananitazama. Nikasema, “Nataka.”

Najichukia kwa neno lile mpaka leo. Kwetu hakukuwa na pa kukichomeka, tukakiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Kwao gari likarudi kuganda kwenye kona. Nilikwenda mara moja tu. Shabani alicheza peke yake, hata kiti hakunisogezea. Sikwenda tena, naye hakuniita.

Watoto wa siku hizi, mchezo ukikwama kidogo kwenye simu wanasonya, wanataka simu mpya. Wanacheza na watu wa nchi za mbali, ndugu zao wenyewe hawawajui. Nitawalaumuje, wakati wametuona sisi?

Juzi nilikuwa Mikumi na mwanangu, kando ya barabara kuu, tukakutana na Shabani uso kwa uso. Tukaulizana habari, tukajibu nzuri. Mwanangu akamwamkia, “Shikamoo.” Akaitikia, “Marahaba,” akaenda zake.

“Mama, yule nani? Mbona kafanana na babu wa kwenye picha?”

Nikamwambia ni mtu tu wa Kilosa.